Gari la Mbio na Upepo wa Bahari: Kutafuta Kiwanja Unguja

Chumba cha Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, kilitajwa kwa dola hata nilipotoa kitambulisho cha Taifa, na kwa fedha ile nilipewa feni inayolalamika usiku kucha na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Chai ya asubuhi juu yako. Nalisema hili mapema kwa sababu bei hizo ndizo zilizonivusha bahari. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na hao wanazilipa, kisha jua likiwaka wanatafuta pa kuingia. Wenzangu wa Arusha wenye magari ya zamani wakasema, basi jumba letu la kumbukumbu za mbio za magari likae walipo watu.

Jumba lenyewe ni la heshima kwa waliokimbia Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953 na yakawa yanakata Kenya, Uganda na Tanganyika, mpaka katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake. Watu wanamkumbuka Joginder Singh na Volvo yake ya 1965, halafu Lancer ya 1974 na 1976. Wanamkumbuka Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5. Wachache hukumbuka kwamba 1966 na 1967 kombe lilichukuliwa na Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mwaka uliofuata yaliondoka magari 93 yakafika 7. Upande wetu kumbukumbu hizo zimelala kwenye albamu za majumbani na chini ya maturubai.

Wamarekani wametangulia kwenye jambo hili, na hawakupatia moja kwa moja. Jumba la Talladega, Alabama, lilifunguliwa 1983 ubavuni mwa uwanja wa mbio, mbali na mji mkubwa. Jingine lilianzishwa Novi, Michigan, mwaka 1989, na 2016 likahamishiwa Daytona Beach, kwenye uwanja wa mbio na karibu na watalii wa pwani. La NASCAR, mbio kubwa za magari za huko Marekani, liligombewa na miji mitano. Charlotte ikashinda 2006 kwa sababu timu nyingi ziko jirani nayo na mji ulikubali kuongeza kodi ya hoteli kugharimia ujenzi. Lilipofunguliwa 2010 wageni wakaja pungufu sana ya waliohesabiwa kwenye makaratasi. Kwa hiyo hesabu ya laki saba niliipokea kwa tahadhari: mtu aliyefuata bahari si lazima afuate kabureta.

Dalali alikuwa na nyumba ya ghorofa mbili inayotazama bahari. Alitaka ada ya kuonyesha, tukafika akasema mwenye funguo naye ana ada yake. Mlango wa nakshi ukiwa wazi mbao zote mbili ulipima mita 1.4. Peugeot 404 ina upana wa mita 1.61. Nikamwonyesha futi, akajibu bila kupepesa: "Gari si linafunguliwa, bwana? Mlifungue, mliingize, mlifunge tena." Kuupanua mlango ule haiwezekani, maana Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000 na hugusi ukuta bila kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Hata kibali kingepatikana, vyumba vya nyumba zile vimepimwa na miti ya mikoko. Boriti inakupa mita 2.5 hadi 3 hivi, na huo ndio upana wa chumba, basi. Gari la mbio linahitaji nafasi ya mita 4 kwa 7 ili mgeni alizunguke, na mwenye kiti cha magurudumu apite. Magari 12 yanakula mita za mraba karibu 340 kabla hujaweka tiketi, choo na karakana.

Uzito nao. Gari lile lina kilo 1,100 hivi, lakini halilali sakafuni kama zulia: linakanyaga sehemu nne, kila moja ndogo kuliko sahani ya wali. Sakafu ya maonyesho ya magari hupangiwa kubeba mzigo mzito, na boriti za miaka mia zilizokwisha kuliwa vichwa pale zinapoingia ukutani hazikupi ahadi hiyo. Nilichokonoa moja kwa bisibisi ikatoa unga. Beit el-Ajaib, jumba la 1883, liko hatua chache tu kutoka pale, na sehemu yake pamoja na mnara wa saa viliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Dalali akahamia kwenye baraza: gari likae pale nje, upepo wa bahari, mgeni apige picha. Nilimwachia ada zake zote mbili nikaondoka.

Shauri la baraza hilo ndilo lililonipeleka Jang'ombe kwa fundi wa bodi. Nilimkuta chini ya mwembe, gari zimemzunguka, zingine hazina milango. Nikamweleza ninachotafuta. Hakuniuliza habari za rali hata kidogo. "Niambie gari inalala wapi," alisema, "n'takwambia imeoza wapi."

Alianza na Noah nyeupe ya Nungwi, ufukweni. Juu, rangi ilikuwa inang'aa. Paa safi, boneti safi. Akapiga magoti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye kizingiti cha chini ya mlango, akasukuma kwa kidole gumba. Ikazama mpaka mpini. Alipochomoa, kutu ilimwagika kwa matabaka, kahawia na nyeusi, na nyuma yake mchanga mkavu. Akazigonga tundu ndogo za kutolea maji zilizo chini ya kizingiti: zote zimezibwa. Maji yanaingia kwa juu kupitia kioo, yanashuka ndani ya mlango, yanakuta tundu imefungwa, yanakaa. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje, na siku unapoona rangi imevimba kazi imekwisha zamani. Wanaopiga puti hapo na msasa juu yake, alisema, wanapaka poda maiti.

Nikauliza mbona paa limesalimika. Kwa sababu paa linaoga. Mvua inaishusha chumvi. Kwenye matao ya matairi, chini ya sakafu na ndani ya milango mvua haifiki, chumvi inajikusanya toka kaskazi mpaka kusi bila kuoshwa. Akanionyesha pikapu iliyokuwa ikilala chini ya banda la makuti lisilo na kuta, huko huko ufukweni, na ilikuwa na hali mbaya kuliko zilizolala juani. Banda limeizuia mvua na kuiruhusu chumvi. Hapo baraza la dalali likafa kabisa.

Kisha akafungua mlango wa gari jingine, aina ile ile ya Noah, ya mtu wa Dunga. Bisibisi ikagonga chuma. Dunga iko katikati ya kisiwa, pepo zote mbili zinafika zikiwa zimepita minazi na miembe, na chembe za maji ya bahari zimeshaanguka njiani. Fundi hana kipimo cha maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, ila mpangilio wake wa uwanja ni ramani: Nungwi na Paje mwisho wa ukuta, zilizokatiwa tamaa, Mji na Bububu katikati, za mashamba karibu na mwembe, zinangoja rangi tu. Nililipia soda, akakataa kingine chochote. Kwa safari yote hiyo ndiye pekee aliyenipa kitu bila kutaja ada.

Sasa ugumu wenyewe, ambao mwenye hoteli hauoni. Chumvi ya bahari si ile ya mezani peke yake. Ina magnesi, na chumvi ya magnesi hunyonya maji hewani hata unyevu ukiwa asilimia 35 hivi. Maana yake gari lililokwisha kuingia chumvi litaendelea kula kutu hata ndani ya chumba kikavu cha asilimia 50. Linaoshwa kwanza kwa maji baridi ya mfereji, ndani ya vizingiti na matao, tundu zote zikiwa wazi, mara kadhaa, ndipo likaushwe kwa upepo na kupuliziwa nta ya ndani. Mafuta ya petroli yanamwagwa na tangi kuachwa kavu. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, yakiachwa silinda za magurudumu zinaganda. Yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei. Betri inatolewa. Gari linawekwa juu ya stendi ili matairi yasitoke ubapa. Oili kidogo inatiwa juu ya pistoni kupitia matundu ya plagi, na injini inazungushwa kwa mkono kila mwezi.

Kuhusu hewa, wengi watakimbilia kiyoyozi wakiweke nyuzi 20. Hilo ndilo kosa la pwani. Hewa ya Unguja inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 23 au 24 hivi. Gari la nyuzi 20 likifunguliwa mlango wa ukumbi linatoka jasho kama chupa ya soda. Afadhali nyuzi 26 au 27, na mashine ya kukausha hewa ifanye kazi usiku na mchana, unyevu ukae kati ya asilimia 45 na 55. Milango iwe miwili na chumba kidogo katikati, wa kwanza ujifunge ndipo wa pili ufunguke. Sakafu ni zege la sentimita 15 juu ya nailoni nzito, na chini ya bati pawe na dari yenye kuzuia joto, vinginevyo alfajiri bati nalo litatona.

Mashine ya usiku na mchana inataka umeme wa usiku na mchana. Unguja inaletewa umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari unaoibukia Fumba. Wa kwanza ni wa 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa miezi mitatu. Waya wa pili wa megawati 100 ulikuja 2013, mambo yakatulia, lakini jenereta lazima liwemo kwenye bajeti ya mwanzo. Ukumbi uliofungwa vizuri unaweza kukaa siku moja au mbili bila mashine kabla unyevu haujapanda. Uliojaa matundu ya hewa kwa ajili ya urembo hauna hata saa tatu.

Pemba nilikwenda. Nauli tena, mawimbi tena. Umeme wake unatoka Tanga tangu 2010, ardhi ni nzuri na vilima vya kutoka Mkoani kwenda Chake vingempendeza dereva yeyote wa rali. Wageni ndio hawapo wa kutosha.

Nikarudi Unguja nikaangalia barabara. Fumba kuna majengo mapya, lakini ni ulimi wa jiwe uliozungukwa na maji. Mwanakwerekwe ni rahisi kufika, ila wakati wa masika kila mtu anajua maji yanakaa wapi. Tunguu ndiyo iliyonishika: ofisi za serikali ziko pale, chuo kikuu kipo, na gari zinazopeleka wageni kuona kima punju wa msitu wa Jozani na kuendelea Paje zinapita hapo hapo. Si katikati ya kisiwa kama Dunga, lakini si ufukweni. Breki dauni iliyobeba gari inatoka bandarini mpaka pale bila kukutana na uchochoro hata mmoja. Na mgeni anayepita kwenda Jozani anasimama nusu saa bila kuacha ratiba yake; Dunga ungemtaka aikate.

Kisha Arusha ikanijia kichwani, kama inavyonijia kila nikilipishwa maji ya chupa mara mbili ya bei. Kwetu hewa ni kavu, gari lililoegeshwa chini ya mti tangu miaka ya themanini bado unafungua mlango wake kwa kidole. Rali ilipita kwetu. Wazee wapo waliosimama barabarani wakipigwa vumbi. Wageni nao wapo, ila wanatua, wanalala, alfajiri wanapakiwa kwenda Serengeti, na wanaporudi wana haraka ya kwenda huku huku Zanzibar. Charlotte ilipewa jumba kwa sababu watu wa mbio walikuwa pale. Kwa kipimo hicho Unguja haina haki yoyote, maana rali haikuwahi kuvuka maji. Kwa kipimo cha Daytona inayo.

Sikutoa uamuzi kwa macho. Nimeacha mabamba ya chuma cheusi, sentimita 10 kwa 15, unene milimita 2, yaliyosuguliwa na kupimwa kwa mizani ya sonara: gramu 235 kila moja. Mawili yamefungwa Tunguu, mawili Dunga, mawili juu ya paa la Shangani, yote chini ya kikinga mvua, kwa sababu ya somo la Jang'ombe. Yatakaa mwaka mzima ili yapigwe na kusi na kaskazi. Yakishushwa, kutu itaondolewa kwa asidi hafifu na kupimwa upya. Bamba likipungua gramu 12, ukubwa ule ni sawa na maikroni 50 kila upande kwa mwaka. Bodi ya 404 ni nyembamba, kama milimita moja tu. Bamba la Tunguu likipungua zaidi ya hapo, kiwanja kinahamia Dunga na wageni watafutiwe basi. La Dunga nalo likizidi, wenzangu wajiandae kununua eneo nyumbani, na bei ya viwanja vya Arusha nayo ina malalamiko yake.