Iulize prosesa kwanza
Wenzangu mnaoandika programu, juzi nimeumia. Programu yangu ya kusafisha picha, kwangu inapaa. Nimeipeleka kwa rafiki yangu mwenye steshenari pale Mwanga, Kigoma: ikafunguka, ikazima papo hapo. Agizo halijulikani! Kompyuta yake ya 2012 ina AVX, yaani maagizo ya prosesa ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, ila haina AVX2, toleo lililofuata, lililokuja na prosesa za Haswell za Intel 2013. Mimi nilikompaili yote (kuigeuza kodi kuwa maagizo ya prosesa) kwa AVX2, namba nane za desimali kwa mpigo.

Usiku nikarekebisha. Sasa ikiwaka inaiuliza prosesa inaweza nini kwa CPUID, agizo la kazi hiyo, inahakikisha na mfumo endeshi unatunza rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za biti 256, ndipo inachagua njia. Ikikosa AVX2, inapita njia ya kawaida.

Asubuhi pasipoti saizi ya mama mmoja wa Kibirizi ikatoka. Polepole, lakini safi. Nimefurahi jamani.