Siku Walipobomoa Ngazi

Mwaka 2018 ngazi za nyumba yetu hapa Birmingham zilinishinda. Vidato 13 tu. Nikifika cha 7 nasimama, najifanya naangalia picha ya harusi iliyotundikwa ukutani, kumbe natafuta pumzi. Moyo ulikuwa unakwenda ovyo mwaka wa tatu huo: sasa hivi 140, baadaye 90, kama ngoma iliyoangukia mikononi mwa mtoto. Walikwisha kuupiga shoti ya umeme mara mbili. Ya kwanza ulitulia siku 11, ya pili haukufika hata Ijumaa. Amiodarone, dawa ya kutuliza mapigo, nayo ikanivurugia tezi ya shingo.

Daktari akachora nyumba ya ghorofa kwenye karatasi. Juu, akasema, wapangaji wanacheza usiku na mchana na kuwatoa tumeshindwa. Basi tubomoe ngazi, wa chini walale. Ngazi yenyewe ni kifundo kidogo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini. Kikishachomwa hakirudi, na kuanzia hapo unaishi kwa betri, yaani kifaa cha kuupigisha moyo.

Betri ilitangulia, chini ya mtulinga wa kushoto, kisha wiki 6 za kungoja nyaya zake zishike moyoni. Mama akapiga simu kutoka Pangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nasikia umetiwa betri. Unaichaji wapi?"

"Haichajiwi, mama. Ikiisha baada ya miaka kama 10 wanabadilisha."

"Na umeme ukikatika?"

Nilicheka sana. Usiku sikulala.

Siku ya kuchoma nilikuwa macho, nimepewa dawa ya kulegeza tu. Mrija uliingia kwenye mshipa wa kinena ukapanda hadi moyoni. Nilihisi joto kifuani, basi. Nilidhani tumemaliza, mara daktari akasema: "Napunguza betri kidogo, tuone moyo wenyewe umebakiwa na nini."

Taa za darini zikaanza kuondoka. Masikio yakaziba. Nilitaka kumwita nesi, ulimi ukakataa. Zilikuwa sekunde chache, lakini nilielewa kuliko mchoro wowote kwamba mle ndani mwenyewe sina kitu. Kisha betri ikarudi, na taa zikarudi mahali pake.

Waliniwekea mapigo 80 kwa dakika, wakaahidi kuyashusha baadaye. Juu kule wapangaji bado wanacheza hadi leo, ndiyo maana vidonge vya kuzuia damu isigande sijaachishwa. Ila siwasikii.

Nyumbani mke wangu aliniwekea sikio kifuani. "Umekuwa saa ya ukutani," akasema, akaenda kupika uji.

Nilipanda kwenda kulala polepole kwa ajili ya kidonda cha kinena. Kidato cha 7 nikasimama, kwa mazoea tu. Pumzi ilikuwepo. Nikaiangalia ile picha ya harusi, nikagundua kumbe shemeji yangu alikuwa amefumba macho.