Kodi yangu wanaipokea, kura yangu inawatisha

Jumamosi moja ya Oktoba 2025 natoka supamaketi hapa mtaa wa Lasnamäe, jijini Tallinn, Estonia, mifuko mkono huu, mtoto mkono ule. Kijana wa kampeni akatusimamisha. Mtoto akapewa puto, mimi kalamu na kipeperushi. Akanieleza habari za ada za chekechea kwa dakika tano nzima, kwa Kiestonia cha polepole kama anayeongea na kiziwi, nami nikamwacha amalize maana hoja zake zilikuwa nzuri. Nilipomwambia mwaka huu sina kura, akasema "vabandust", samahani, na macho yake yakawa yameshahamia kwa mtu wa nyuma yangu.

Wadau, ile samahani imenikaa kooni mpaka leo.

Oktoba 2021 nilipiga kura mji huu huu. Katiba ya Estonia ilikuwa inamruhusu mkazi wa kudumu kuchagua madiwani, uwe na pasipoti ya Tanzania, ya Marekani au ya wapi. Kugombea huruhusiwi, bunge la taifa huligusi, lakini nani apange njia za basi na chekechea za mtaa wako, hapo ulisikilizwa. Na si mambo madogo: mabasi ya hapa ni bure kwa waliosajiliwa jijini tangu 2013, na wenyeji waliulizwa kwanza kwa kura ya maoni. Mimi niliyezoea kuning'inia mlangoni mwa daladala na bado nauli nalipa, nilipoingia kituo cha kura siku ile nilikuwa nimechomekea, na viatu vimeng'aa.

Halafu 26 Machi 2025 wabunge 93 kati ya 101 wakabadilisha katiba. Kura za mitaa sasa ni za raia wa Estonia na raia wa Umoja wa Ulaya. Wasio na uraia wa nchi yoyote, wale wa pasipoti ya kijivu waliobaki hewani Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, wakaruhusiwa mara moja ya mwisho, Oktoba hiyo hiyo. Sababu ni usalama wa taifa. Walengwa ni raia wa Urusi na Belarus, makumi ya maelfu ya watu wanaoishi humu. Sisi wengine tumepigwa na jiwe lililorushiwa nyoka.

Siwezi kusema Waestonia wamerukwa na akili. Ukisimama Narva unaiona Urusi ng'ambo ya mto, bendera na yote. Tangu Februari 2022 kila mtu hapa anaitazama Ukraine na kujiuliza zamu inayofuata ni ya nani. Kura ile ya wabunge ilipigwa siku moja baada ya kumbukumbu ya 25 Machi 1949, watu zaidi ya 20,000 walipopakiwa na Wasovieti kwenye mabehewa ya ng'ombe kupelekwa Siberia. Fundi aliyenitengenezea dirisha aliniambia bibi yake alizaliwa huko. Mtu wa namna hiyo unamwambia nini kuhusu jirani mwenye pasipoti ya Moscow?

Tena tuseme kweli, kwetu Mkongomani aliyekaa Kigoma miaka thelathini anamchagua mwenyekiti wa mtaa? Hamchagui, na wala hatujawahi kukosa usingizi kwa hilo. Lakini huyo hakupewa haki kisha akanyang'anywa. Mimi nilipewa. Na sijui jasusi gani anakaa miaka kumi na mbili, anafaulu mtihani wa lugha yenye maumbo kumi na manne ya kila nomino, anakatwa kodi kila mwezi, ili siku moja amchague diwani wa mabasi.

"Si uchukue uraia?" Mnaoniuliza hivyo hamjakaa mkasoma masharti. Estonia inataka miaka minane, lugha, mtihani wa katiba, kisha uukane uraia wako wa zamani. Tanzania nayo haitaki uraia pacha. Wake wenza hawa hawakubali kuonana hata mlangoni. Nikiukana, kile kishamba cha marehemu baba nitakishika kama nani? Nisipoukana, sina kura hapa, na huko kwetu aliye nje hapigi kura. Siku kumi baada ya uchaguzi wa hapa, nyumbani Tanzania nao walikuwa na wao, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa, na mimi nilikesha napiga simu ya mama isiyoita. Nimekuwa mtazamaji kotekote.

Kwa hiyo wewe unayeniandikia kuuliza mshahara wa huku na bei ya chumba, uliza na hili: baada ya miaka kumi nitakuwa nani? Wakenya angalau katiba yao ya 2010 inawaachia uraia pacha upande wao.

Mahali pekee ninapopiga kura sasa ni kikao cha wenye nyumba wa jengo letu. Huko hawaangalii pasipoti, wanaangalia kama umelipia joto.

Huko ndiko nilikomzoea bibi wa ghorofa ya nne. Pasipoti yake ni ya kijivu, Kiestonia chake ni kibovu kuliko changu, na tunaelewana kwa mikono. Asubuhi ya uchaguzi aligonga mlango, kavaa koti la sikukuu. Akasema hii ndiyo kura yake ya mwisho, wajukuu wake wako Finland, na mwenye mtoto chekechea ni mimi. "Namba ngapi?"

Hapa unaandika namba ya mgombea kwenye karatasi ya kura. Nilibabaika mlangoni na kandambili zangu. Nikamtajia, akaiandika nyuma ya risiti.

Jioni tukakutana kwenye lifti, nikamuuliza imekuwaje. Amepiga, akasema, ila miwani aliisahau mezani, na ile tarakimu ya katikati hana hakika kama ilikuwa 3 au 8.