Ada imepanda kwa sababu ya mbao

Barua ya bodi ya wakazi ikiingia, ujue ada ya pamoja ya kutunza jengo inapanda. Safari hii ni mbao: ghorofa la zege linavishwa mbao mlangoni eti likaribishe watu. Kwetu mwenye nyumba ya mbao anakusanya tofali kimyakimya ahame. Hapa Norway unakamuliwa ili uzirudie.

Ila zikipigwa vizuri, zinafaa. Si lazima kuvika jengo zima. Weka pale mtu anaposimama na kugusa: pembeni mwa mlango, dari ya kibaraza, ukuta wa masanduku ya barua. Kwa mvua za mji kama Bergen, zege tupu lililolowa linakufukuza.

Shida ni mafundi wa haraka haraka. Nyuma ya mbao zipigwe papi, yaani vijiti vya mbao, ziache nafasi ya hewa, walau sentimita 2, wazi chini na juu, na wavu wa kuzuia panya. Mbao iishie sentimita 30 juu ya ardhi maana matone ya mvua yanaruka, na ncha ya chini ikatwe mshazari maji yadondoke. Ncha ndizo zinazonywa maji, kwa hiyo zipakwe rangi kabla ya kupigiliwa. Mbao zikipandana, msumari mmoja usishike mbili: zikilowa zinatanuka, zikibanwa zinapasuka. Na mbao za lachi, mti wa jamii ya msonobari, zinataka misumari ya chuma cha pua. Ya kawaida huchuruza weusi ukutani.

Ile nafasi ya hewa, moto ukiingia, inageuka dohani. Kila ghorofa ya jengo iwe na kizuizi chake cha moto. Bodi ikisema ni gharama, bishaneni hapo hapo.

Baada ya muda mbao zisizopakwa rangi zilizo wazi kwa jua na mvua zinakuwa kijivu, zilizo chini ya paa zinabaki kahawia, na malalamiko yanaanza. Dawa iitwayo salfeti ya chuma ikipakwa mwanzoni inasawazisha ukijivu, lakini funika zege kwanza, madoa yake ya kutu hayatoki kirahisi.

Nyie mnaokuja na ndoto ya kununua fleti: bei kubwa kwenye tangazo si bei yote. Tafuta mstari wa fellesgjeld, fungu lako la deni la pamoja la jengo, ujumlishe. Kisha omba mpango wa matengenezo. Kuta zikiwa bado hazijaguswa, bili hiyo inakusubiri wewe. Ukishanunua, usikose mkutano mkuu wa jengo, hufanyika kila mwaka kabla ya Juni kuisha. Mbao hupigiwa kura huko, na wasiokwenda hulipa sawa na waliokwenda.