Nilivyozitenganisha 'northerly' na 'northward'

Mimi ni baharia wa mashua hapa Shela, Lamu, na Kizungu changu si haba, wageni wenyewe hunisifu. Ila maneno haya mawili yalinipa taabu. Nikamuuliza jamaa mmoja msomi, akanijibu kwa madaha: "Yote ni kaskazini hayo, mkia tu ndio umebadilika." Ushauri gani huo! Ukiufuata, siku utakayosikia 'northerly wind' utatweka tanga ukidhani unasukumwa Kiwayu, kisiwa kilicho upande wa kaskazini, kumbe upepo huo unakujia usoni na utabisha kutwa nzima.

Dawa niliipata baharini, msimu wa kusi. Tulitia nanga nje ya kisiwa cha Manda, mbali na mlango wa bahari, maana humo maji kujaa na kupwa yangeharibu mtihani wangu. Nikafunga kitambaa mlingotini. Kisha nikachukua kumbi la nazi, nikalilowesha mpaka likawa zito, lielee limezama nusu lisisukumwe na upepo (hapo nilijiona profesa). Nikalitupa majini. Kitambaa kikapepea kuelekea Kiwayu, na kumbi nalo likaenda huko huko, taratibu. Nikatangaza: "Upepo huu ni 'southerly', mkondo huu ni 'northward'."

Ami yangu, nahodha wa siku nyingi, akanikazia macho. "Vyenda njia moja, kimoja kiwe cha kusini na kingine cha kaskazini?"

"Ami, upepo huulizwa watoka wapi. Mkondo huulizwa wenda wapi. Kwani kaskazi si twaiita kwa kule itokako?"

Akafikiri, akasema, "Basi hao wameiga kwetu."

Tangu hapo sikosei. Ila angalieni, 'in a northerly direction' ni kuelekea kaskazini. Ukali wa kanuni uko kwenye upepo. Na msijiaminishe kwamba mkondo ni 'northward' mwaka mzima pande hizi. Miezi ya kaskazi, kama Desemba mpaka Machi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na huu wetu unaopanda, kisha yote miwili hukunja kwenda mashariki. Mgeni akiniuliza hilo, namweleza mpaka kahawa yake inapoa. Bahashishi nayo imenenepa kidogo, ingawa Ami hudai fungu lake kwa sababu nanga ilikuwa yake.