Kutwa, Si Bweni: Shule ya Binti Yangu Manchester

Ndugu yangu anayeishi Langoni hunipigia simu karibu kila Ijumaa baada ya swala, na tangu binti yangu aingie katika shule moja ya binafsi hapa Manchester, Septemba 2022, swali lake halijabadilika: «Dada, pesa zote hizo, na mtoto halali huko?» Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa Lamu, shule ya maana ni ile inayomvusha mtoto maji.

Nami nilivushwa. Nilipofika kidato cha kwanza nilipanda mashua hadi Mokowe, nikaanza safari ya bara na sanduku langu la bati, na kwa miaka minne niliiona Lamu wakati wa likizo tu. Masomo niliyapata, hilo silikani. Lakini nilirudi nikiwa mgeni katika nyumba ya mama yangu, nikisema njia badala ya ndia ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, nisijue mtaani nani kaolewa na nani kafariki. Kwa hiyo tulipoanza kumtafutia binti yetu shule, kilichonivuta hakikuwa majengo wala matokeo ya mitihani, bali lile neno kutwa: kwamba mtoto atatoka asubuhi na jioni atarudi kwetu.

Shule za namna hii hapa ni za zamani. Ile ya wavulana iitwayo Manchester Grammar School ilianzishwa mwaka 1515, na ya wasichana ya Manchester High School for Girls mwaka 1874. Ni chache, kwa kuwa wanafunzi walio wengi mno nchini Uingereza husoma katika shule za serikali zisizotoza karo, na baadhi ya hizo ni nzuri sana. Wala hizi za binafsi hazimpokei kila mwenye pesa. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja hufanya mtihani wa Kiingereza, hesabu na mafumbo ya kufikiri, kisha walioonekana kufaa huitwa kuhojiwa. Binti yangu aliambiwa aeleze jambo lolote analolijua vizuri, naye akaeleza mlango wa Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari karibu na kisiwa chetu: kwamba chombo kinachotoka Lamu kwenda Pate hupita hapo maji yakijaa, na kwamba hesabu ya nahodha wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, si hesabu ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mwalimu alimpa karatasi akamwomba achore. Naamini mchoro ule ulimfaa kuliko maswali ya hesabu za sehemu, ambayo mawili aliyakosa.

Hata hivyo, tusidanganyane kuhusu matokeo. Shule inayowachuja watoto kwa mtihani kabla ya kuwapokea, kisha ikatangaza alama za juu wanazopata wakiwa na miaka kumi na sita na kumi na minane, ni kama mvuvi aliyenunua samaki wakubwa sokoni kisha akausifu wavu wake. Tena wazazi wengi huwalipia watoto walimu wa ziada miaka miwili kabla ya mtihani huo, jambo ambalo sisi hatukuliweza. Tuliazima vitabu vya mazoezi maktabani, na baba yake akawa anamsahihishia usiku akitoka kazini.

Basi tunacholipia ni nini, kama si alama? Kwa maoni yangu ni macho ya watu wazima. Darasa lake lina wanafunzi ishirini na wawili, wakati katika shule ya serikali aliyotoka walikuwa thelathini, na fizikia, kemia na biolojia kila moja ina mwalimu wake aliyelisomea somo hilo. Kwa kuwa shule ya binafsi hailazimiki kufuata mtaala wa taifa, wanafundishwa pia Kilatini, ambacho nilikidharau hadi siku binti aliponionyesha jinsi maneno yake yanavyobadilika kwa viambishi, akasema kinamkumbusha Kiswahili. Kuna kwaya, mdahalo, karakana ya mbao na ile Tuzo ya Duke of Edinburgh, mpango wa shughuli za vijana nje ya masomo ulioanzishwa mwaka 1956, ambao kwetu Kenya tunao ndugu yake, Tuzo ya Rais. Sehemu yake mojawapo ni kutembea milimani na kulala hemani, na usiku ule mmoja mimi sikupata usingizi. Lakini jambo lililonithibitishia kwamba hatukukosea ni dogo. Mwaka wa pili, bibi yake alipofariki Lamu nasi tukashindwa kusafiri, mtoto alinyamaza darasani kwa siku chache, na kabla wiki haijaisha mwalimu wa darasa alinipigia simu kuniuliza kumetokea nini nyumbani. Katika bweni langu nililala na homa ya malaria siku tatu kabla ya mtu mzima yeyote kunitazama.

Siku yenyewe ni ndefu. Masomo huanza kabla ya saa tatu asubuhi na kwisha karibu na saa kumi alasiri, kisha maktaba hubaki wazi hadi saa kumi na moja na nusu kwa watoto ambao wazazi wao wako kazini, nasi tumo. Mwezi wa Desemba jua la Manchester huchwa kabla ya saa kumi, kwa hiyo Magharibi humkuta angali shuleni. Tuliandika barua kuomba mahali pa kuswali, tukapewa chumba kidogo karibu na ofisi ya muuguzi, na sasa wapo wasichana kadhaa wanaokitumia.

Kuhusu karo nitasema wazi, maana ndiyo inayowavunja watu. Shule za kutwa za aina hii hutoza kwa kawaida zaidi ya pauni 15,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya, na tangu Januari 1, 2025 serikali imeongeza juu yake kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 20. Sisi tusingeweza kabisa bila basari. Watu huichanganya basari na tuzo ya kipaji: tuzo hupewa mtoto hodari wa masomo au muziki, na mara nyingi hupunguza karo kidogo tu, ilhali basari hutegemea kipato cha wazazi, na yaweza kufuta sehemu kubwa ya karo au hata yote. Kila mwaka tunapeleka hati za mishahara na taarifa za benki, na kila mwaka hukaguliwa upya. Si rahisi kumfunulia mgeni mfuko wako, hasa kwa sisi tuliofundishwa kuficha upungufu nyuma ya pazia la ukumbi. Mwenye kusaini mkataba na asome pia kifungu cha kuondoka: kwa kawaida mzazi hutakiwa kutoa taarifa ya muhula mzima, la sivyo hulipia muhula ambao mtoto hakuusoma.

Dini na lugha shule haikuniahidi, nami sikuidai. Hizo ni kazi ya jioni, na jioni ninayo: juzuu yake anaisoma kwa baba yake baada ya chakula, na mezani petu hakuna Kiingereza, hata kama hadithi ya maabara inachukua muda mara mbili kuisimulia kwa Kiamu.

Ndugu yangu sasa ana mtoto anayekaribia sekondari, naye bado anahesabu nauli za kumpeleka bara. Ijumaa iliyopita aliuliza tena lile swali lake, nikampa simu binti mwenyewe.

«Nalala kwetu, mjomba,» akamwambia, kisha akamuuliza kama yule punda wa jirani ameshazaa.