Ghorofa ya binti yangu, na wasia wa mjukuu

Lamu, baba akiozesha binti humtengea pa kukaa: nyumba, au walau ghorofa juu ya yake. Kabla ya kuandika chochote nilikwenda kumuuliza Sheikh Kadhi kama naweza kumuusia wangu ghorofa ya juu hapa Langoni.

"Mwanao ni mrithi," akasema, "na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie ukishafariki. Ukitaka awe nayo, mpe ungali hai, na umkabidhi."

Hiyo ndiyo hiba, na bila kukabidhi ni maneno matupu. Basi tukateremsha kasha la marehemu mama kwa taabu, maana ngazi zetu ni nyembamba na aliyelichonga hakufikiria kwamba litahama. Nikatoa kitanda cha kamba, nyavu na redio. Hati ikaandikwa mbele ya mashahidi, kaka zake wakiwapo, nao nikawapa shamba la minazi wasije wakanung'unika. Kisha nikampa binti ufunguo. Siku hizi nikitaka kupunga upepo juu napiga hodi: "Mama, nipishe nipande."

Wasia wenyewe nimemwekea mjukuu. Baba yake alitangulia mbele ya haki, na madamu ami zake wapo, yeye hapati kitu katika mirathi yangu. Kwa kuwa si mrithi, wasia unamfaa. Mpaka wake ni thuluthi, tena ya kile kinachobaki baada ya mazishi na madeni. Kwa hiyo madeni nimeyaorodhesha ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na mahari niliyobakiza. Mama watoto alipoiona akacheka: "Na kwa nini usinilipe leo?" Nikamlipa nusu.

Awali mjukuu nilimwandikia mashua. Mwaka jana nikaiuza, na wasia wa kitu kilichokwisha kuuzwa hauna maana. Uzuri ni kwamba wasia hubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo niliwaita mashahidi wawili tena, tukaandika "robo ya nitakachoacha", wala hatukutaja kitu. Wasii, yaani msimamizi wa wasia, ni mdogo wangu, na nakala anayo.

Kulibaki sacco. Jina la mtu wa kupokea akiba yangu lilikuwa bado la marehemu mwanangu. Nikajaza fomu upya, nikamweka mama watoto apokee kwa niaba ya warithi wote, na sikuondoka dirishani mpaka karani alipoigonga muhuri.